Kikombe cha Karafuu Si Kikombe cha Mchele

Nyinyi vijana mtakaosoma maneno haya, na hasa nyinyi mnaopika huku simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, kaeni kitako kwanza. Leo sina maneno matamu. Nimekasirika tangu Ijumaa, na mtu mzima akikaa na hasira siku nne mfululizo, mjue kuna kitu kimemchoma.

Ijumaa hiyo asubuhi niliingia jikoni kwangu hapa Mwembesongo nikakuta karatasi imebandikwa ukutani, juu ya jiko la gesi. Aliyeiandika ni mjukuu wangu Sauda. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, sikatai. Yalikuwa mapishi yangu ya pilau, yale niliyomtajia kwa kinywa ili akapike harusi ya mjukuu wa dada yangu Mwajuma. Ila yalikuwa yamegeuzwa. Kila niliposema vikombe, yeye kaandika gramu. Nikashuka na kidole mstari kwa mstari. Mchele, sawa. Karafuu, kikombe kimoja, gramu 250. Iliki, vikombe viwili, gramu 500. Mdalasini, vikombe vitatu, gramu 750.

Wallahi ulimi wangu ulikufa ganzi palepale, na sikuwa nimeonja kitu.

"Sauda! Haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye simu, Bibi. Kikombe kimoja ni gramu mia mbili hamsini. Mbona kila mtu anajua."

"Kikombe cha nini?"

"Cha chochote, Bibi. Kikombe si kikombe?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Kwa sababu maneno hayo, kikombe si kikombe, niliwahi kuyasema mimi kwa kinywa changu hiki, nikiwa na umri kama wake, na nusura nivunje ndoa ya dada yangu kabla hata haijaanza. Ndoa hiyohiyo ambayo mjukuu wake ndiye anaoa sasa. Kwa hiyo mwanangu, ukiona napandisha sauti usidhani naichukia simu yako. Naijua njia unayoipita. Nilijikwaa humo humo.

Nakumbuka siku moja kule kijijini kwetu Kinole, msimu wa karafuu, zile siku ambazo mikeka inaanikwa kila uwanja na nguo zote za kijiji zinanukia, hata za mtu asiye na mkarafuu. Mjomba wetu Salumu, kaka yake mama, alikuwa akinunua viungo kwa wakulima. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, yenye uso kama wa saa na mshale mmoja, ameifunga kwenye boriti ya baraza. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini namba nilizishika, basi Mjomba akanipa kazi ya kusoma mshale. Ah, nilivyojiona! Mtu mzima anashuka mlimani na iliki zake, anasema, "Mwanangu, hizi ni pishi nne." Mimi nacheka puani. Pishi! Naziweka kwenye kikapu cha mizani, namsomea kilo zake kama hakimu anasoma hukumu. Wakubwa zangu wale, watu waliokuwa wakipima kabla mimi sijazaliwa.

Na ndani ya nyumba hiyohiyo alikuwemo bibi yetu mzaa mama, Bibi Mwanahamisi, ambaye hakuna karamu iliyopikwa upande ule wa mlima bila mkono wake. Yeye mizani hakuigusa. Alikuwa na kikombe kimoja cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, kimebanduka rangi upande wa kidole gumba. Mapishi yake yote yaliishi ndani ya kikombe kile. Ukimuuliza chumvi kiasi gani, hakuambii kidogo wala nyingi, anakuambia "nusu ya kikombe changu." Si kikombe tu. Kikombe changu. Neno hilo "changu" sisi watoto tuliliona ni uchoyo wa kizee.

Dada yangu Mwajuma akapata mchumba, mkulima wa karoti kutoka Mgeta. Siku ya harusi wakaja wakwe, watu wengi, na aliyewaongoza ni mjomba wa bwana harusi, Mzee Kibwana. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, hilo lieleweke. Utaratibu ulikuwa wageni wapate chakula kwanza, kisha Mzee Kibwana asimame aseme maneno ya kumpokea mke, ndipo msafara uondoke na bibi harusi. Bila maneno yale, dada yangu angebaki amekaa chumbani na hina yake.

Bibi alikuwa ndani na bibi harusi, ana kazi zake za huko. Sufuria la pilau akanipa mimi. Mara yangu ya kwanza. Alinisimamisha mlangoni, akanipa kikombe mkononi, akaniambia taratibu:

"Mchele umeshapimwa. Karafuu kikombe kimoja, iliki viwili, mdalasini vitatu. Usishindilie, wala usijaze kichuguu. Ukingo kwa ukingo. Umesikia, mke mwenzangu?"

"Nimesikia, Bibi."

Nilisikia, ndiyo. Lakini asiyesikia la mkuu si lazima awe kiziwi.

Nyuma ya nyumba walikuwako wasichana wa rika langu wanachambua mchele. Mmoja wao, Tatu, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, aliponiona nakuja na kile kikombe akapiga vigelegele. "Jamani tazameni! Msoma mizani wa Kinole nzima leo kashikishwa kikombe cha chai!" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo.

Nilichomeka. Nikakijaza kikombe mchele, ukingo kwa ukingo, nikaenda nao barazani kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye robo kilo, barabara. Nikarudi nimenyoosha shingo.

"Kikombe cha Bibi ni robo kilo," nikawatangazia. "Basi. Hayo ya ukingo kwa ukingo ni mambo ya wazee."

Tatu akaniuliza, na Mungu amrehemu kwa kuniuliza, "Robo ya mchele. Na ya karafuu je?"

"Kikombe si kikombe?"

Wakarudi kwenye mchele wao. Mtu aliyesoma kasema.

Nikaenda kupima. Karafuu robo kilo. Iliki nusu. Mdalasini robo tatu. Nilipozimwaga zile karafuu kwenye bakuli niliona rundo ni kubwa. Sitawadanganya, niliona. Jicho lilisema, pua ikasema, na kikombe chenyewe nilikuwa nimekipachika kwenye mkunjo wa khanga kiunoni. Ningezimimina humo tu kingeniambia ukweli kwa kufurika. Sikumimina. Nilishaitangaza robo mbele ya Tatu, ningerudije nyuma? Mwanangu, kosa la kutojua ni dogo. Kosa kubwa ni pale unapoona rundo limezidi na bado unasema namba imesema.

Nikazitwanga, nikatia. Kwa harufu iliyotoka pale, watoto waliokuwa wakicheza uwanjani walipiga chafya. Nikasema moyoni, haya ndiyo mapishi.

Pilau likapakuliwa, masinia yakaenda barazani. Mimi nikajibanza nyuma ya pazia la mlango nione nitakavyosifiwa. Mzee Kibwana akanawa, akasema bismillahi, akala tonge la kwanza. Akala la pili. Tonge la tatu likasimama njiani. Akajigusa mdomo kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayehakikisha bado upo.

"Maji," akasema.

Akanywa. Wa pembeni yake naye akaomba maji. Kisha wa sinia la pili. Mzee Kibwana akajaribu kucheka, mdomo ukagoma upande mmoja. "Jamani, ulimi wangu siusikii."

Pale ndipo mama mmoja wa msafara wao aliposema lile neno. Hakulisema kwa sauti kubwa, lakini baraza lote lilisikia. "Watu hawa wametutilia kitu. Midomo haifi ganzi bure."

Wametutilia kitu! Neno hilo likishatoka kwenye sinia la harusi halirudi kwa urahisi. Mjomba Salumu akaruka, "Wakwe zangu, hivi ni viungo vya shambani kwetu tu, mnaona wenyewe mikeka hiyo hapo." Yule mama akamjibu, "Sisi pilau tumelila tangu hatujaota meno, bwana. Halijawahi kutunyima midomo." Nikaona mzee mmoja ameinama anatafuta kandambili zake. Akafuatia wa pili. Nyuma yangu, chumbani, Mwajuma alikuwa akisikia yote. Nilipogeuka nilimwona amekaa kitandani wima, wanja umeteremka mpaka mashavuni, ananitazama mimi. Bora angenitukana.

Bibi Mwanahamisi akanipita akatoka nje. Akainama kwenye sinia la Mzee Kibwana, akachota tonge, akatafuna polepole. Hakuwatazama wakwe. Alilitazama lile pazia.

"Zuhura. Toka. Njoo na kikombe."

Nikatoka.

"Jaza mchele, pima. Soma, wageni wasikie."

"Robo kilo, Bibi."

"Mwaga. Jaza karafuu, ukingo kwa ukingo kama nilivyokuambia. Pima."

Nikajaza. Nikaweka. Mshale ukapanda kidogo, ukachoka, ukasimama.

"Soma."

"Haujafika hata nusu ya robo, Bibi."

"Na sufuriani ulitia kiasi gani?"

"Robo."

"Sema kwa sauti. Hapo ulipokuwa unawatangazia wenzako hukunong'ona."

"Nilitia robo kilo, Bibi. Na iliki nusu kilo. Na mdalasini robo tatu."

Bibi akachukua kipande cha mdalasini kwenye mkeka, akanisogezea puani. "Hiki ni nini? Ni bomba. Ukijaza mabomba kikombeni, nusu ya ulichopima ni upepo. Karafuu nayo ina kichwa na mguu, hailali ikabanana kama mchele. Kikombe ni nyumba tu, mtoto wewe. Uzito ni wa aliyelala ndani. Mimi nilikuambia kikombe, na upepo wake niliuhesabu tangu wewe hujazaliwa. Wewe mahali pa upepo umejaza mdalasini!" Kisha akaigusa mizani kwa kidole, ikayumba. "Hii haina kosa. Mizani haisemi uongo. Wewe ndiye uliyekwenda kuiuliza habari za mchele, ukarudi kuwajibu watu habari za karafuu."

Akawageukia wakwe. "Hakuna dawa humu, wakwe zangu. Kuna kiburi cha mtoto, na hicho hakina mganga."

Yule mama wa lile neno akaja mwenyewe, akatazama kikombe, akatazama bakuli la karafuu zilizobaki, akazinusa. Akaguna. Mzee Kibwana akaanza kucheka na nusu ya mdomo iliyokuwa inasikia. "Maneno yangu ya kumpokea mke nimeyapanga wiki nzima," akasema kwa shida, "na leo mdomo hauna nguvu ya kuyabeba. Mke tunaondoka naye. Maneno nitayasema kwangu Mgeta. Lakini siku ya saba huyu msoma mizani aje atupikie tena, na aje na hicho kikombe. Nikifa ganzi mara ya pili, namrudisha dada yake."

Alicheka, lakini aliyasema mbele ya watu, na Bibi hakucheka.

Wiki ile sikusoma mshale wa mtu. Bibi alinikalisha barazani na kikombe, nikapima kila kitu cha jikoni kimoja kimoja. Unga uliotoka kusagwa, na unga uliolala guniani wiki nzima ukajishindilia. Kikombe kilekile, uzito mbali. Sukari. Chumvi ya mawe, na chumvi laini ya dukani. Iliki na maganda yake, na iliki iliyotwangwa. Kila kitu mara tatu, na kila mara nikaandika kwa mkaa ukutani. Mara moja nilijaribu kurukia, nikaandika bizari bila kupima kwa sababu ilifanana na kitu nilichokwisha pima. Bibi akafuta ukuta wote kwa kitambaa kibichi. Akaniambia, "Anza na karafuu."

Siku ya saba nikapanda lori la mboga lililokuwa linarudi Mgeta tupu, kikombe nimekifunga kiunoni na khanga, nikapanda na vile vijia vyao vilivyosimama kama ngazi. Nikapika. Waliniangalia wakionja kwa ncha ya ulimi, watu wazima wale, kama paka kwenye maziwa ya moto. Kisha wakala. Kisha wakaongeza. Ndipo Mzee Kibwana akasimama akasema maneno yake, na aliyasema marefu mpaka jua likazama upande wa pili wa mlima, kwa sababu mdomo ulikuwa wake. Mwajuma alilia tena, safari hii bila kunitazama vibaya. Jina la Bi Ganzi lakini lilinibaki. Hata huyu bwana harusi wa leo huniamkia hivyo: "Shikamoo, Bi Ganzi."

Mikono yangu ilipozoea kidogo, Bibi alinipa kikombe kile. Hakunipa kwa maneno mengi. Alisema tu, "Sasa ni chako."

Turudi Ijumaa. Nilipoziona zile gramu 250 za karafuu nilimwambia Sauda, "Kilete kikombe changu tuone." Akatazama sakafu. Mtoto akitazama sakafu ya jikoni, ujue la kuvunda halina ubani.

"Bibi, mimi nilijua hakina kazi tena. Si nimeshageuza yote kuwa gramu?"

"Kiko wapi?"

"Nimempa fundi."

Fundi! Kuna fundi anapiga plasta ukuta wa choo cha uani. Nikatoka na miguu yangu hii inayouma, nikamkuta anachotea saruji. Kikombe cha Bibi Mwanahamisi, kilichopanda Mgeta kiunoni mwangu, kina saruji mpaka ukingoni!

"Shikamoo, Bibi," fundi akasema.

"Sina marahaba mpaka nipewe kikombe changu."

Akanipa haraka. Bahati saruji ilikuwa mbichi. Ingekauka chini hata unene wa kidole, kikombe kile kingekuwa kikombe kingine, na mapishi ya bibi yangu yangezikwa nyuma ya choo. Nilikisugua mwenyewe kwa mchanga na maji. Sikumruhusu Sauda akiguse. Kisha nikamwambia alete mizani yake, ile ya kioo ya betri, ndogo kama kitabu. Nikakijaza karafuu, ukingo kwa ukingo, nikamimina juu ya mizani yake.

Alisoma. Akazima, akawasha, akasoma tena. "Bibi. Ni mia na kumi tu."

"Na wewe ulitaka kutia ngapi?"

Akaichukua simu yake. "Sasa mbona simu imesema..."

"Jaza maji."

Maji ya kikombe changu yakafika mia tatu. Akasoma tena ile simu, safari hii mpaka chini, akakuta imesema habari za maji, na kikombe chao wao, si cha bati cha Kinole. Yaani simu ilizungumzia kikombe cha mtu asiyetujua, na maji ndani yake, na huyu mke mwenzangu akaenda kuandika karafuu za harusi! Na angekuja mzee wa upande wa pili akafa ganzi, je, simu ingetoka barazani kumwomba radhi?

Kinachonikera, mwanangu, si gramu. Gramu ni kitu kizuri, na ningekuwa na ile mizani ya kioo zamani nisingechafua ukuta wa Bibi kwa mkaa. Geuzeni vikombe vyenu kuwa gramu, tena geuzeni kabla sisi hatujaondoka na vikombe vyetu. Kinachonikera ni uvivu unaovaa nguo za elimu. Mnachukua namba moja mnaivisha kila kitu. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba cha pamba na kibaba cha mchanga ni ndugu. Pima kitu chenyewe, kwa kikombe chenyewe alichokuambia aliyekupa mapishi. Hakipo? Muulize, kuuliza si ujinga, na wengi wetu bado tunapumua. Ukiona rundo limezidi, simama, hata kama Tatu anakutazama. Na kitu cha mzee usikitupe kwa sababu umeandika jina lake kwenye karatasi. Hakikisha kwanza ulichoandika ni chenyewe.

Mungu awape mikono yenye kipimo na masikio yasiyochoka. Awape wageni wenye midomo hai, wa kula na kusema maneno mema mkawasikia. Na mtakaowapikia harusi, ndoa zao zidumu kama ya dada yangu Mwajuma, ambayo niliipima vibaya na Mungu akaipima vizuri.

Ama nyumba yangu, niliwaita wote jikoni Ijumaa hiyohiyo, na fundi akiwa dirishani. Nikapigilia msumari ukutani, juu ya pale ilipokaa ile mizani ya kioo, nikaning'iniza kikombe. Nikawaambia: "Hiki hakitoki humu, hata kwenda uani. Na hakuna atakayeandika gramu za kitu ambacho hakijalala ndani yake mara tatu. Sauda, chana hiyo karatasi. Anza na karafuu."